Utepe Mweupe wa Mama Karmena

Siku ile mjinga alikuwa Leli Tabone.

Mwenyewe hakatai. Miaka kumi na tisa katika Idara ya Usalama, mafunzo ya nchi tatu, Beretta kiunoni, nishani kabatini, na bado Jumamosi ile ya Julai alimkimbiza mtu aliyekuwa upande wake. Tena akamkamata. Kazi safi kabisa.

Saa moja na dakika kumi asubuhi.

Ford Transit nyekundu ilikata kona ya kanisa la Hal Dwieli, ikakwangua ngazi ya wapamba mtaa. Bendera za sikukuu zikaporomoka barabarani. Hilux ya Leli ikazipitia juu. Mwanamke aliyekuwa akifagia kizingiti chake aliinua ufagio.

"Na wewe ndiyo serikali?" alimpigia kelele.

Leli alibonyeza redio yake, Motorola.

"Mnara, hapa Pweza. Ninayo. Nyekundu. Inaelekea ikulu kwa Mama, San Anton."

"Pweza, una uhakika ndiye?" Mkurugenzi Debrincat alikuwa na sauti ya mtu anayekunywa kahawa.

"Ni Tai, bosi. Nani mwingine?"

Hilo "nani mwingine" ndilo lililomponza.

Hal Dwieli ina kanisa moja, mtakatifu mmoja na bendi mbili za matarumbeta. Nyota huvaa buluu, Tai huvaa nyekundu. Mtoto huzaliwa Nyota au Tai kabla hajapewa jina. Nyota hanunui mkate kwa mwokaji wa Tai, na Tai akipita na koti lake jekundu, Nyota wa kweli hugeuza uso ukutani mpaka apite. Leli alikuwa Nyota, mpiga klarineti, mtoto wa mpiga klarineti.

Wiki moja kabla, barua isiyo na jina ilifika Idarani. *Masanduku ya Mama yanatiwa vitu vya kuua. Ni watu wa bendi, Hal Dwieli.* Haikusema bendi gani. Leli hakuhitaji kuambiwa.

Na jana yake, Wistin Saliba alikuwa amemshika bega kilabuni. Wistin, mwenyekiti wa Nyota, mwenye malori, mtu aliyemsimamia binti wa Leli ubatizo. "Sahibu, kesho saa moja. Gari jekundu. Nenu Galea, yule fundi fataki wa Tai. Mdake kabla hajamfikia Mama."

Leli alikata njia ya shambani, akatokea mbele, akaiweka Hilux mshazari katikati ya kuta mbili za mawe.

Transit ikafunga breki. Pua yake ilisimama shibiri moja kutoka mlangoni kwa Leli.

Kimya. Nyenje tu.

"Mikono juu! Shuka!"

Alishuka mzee mfupi, sharubu nyeupe, koti jekundu la bendi lenye vifungo vya shaba. Mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili. Viliondoka na fataki kabla Leli hajazaliwa.

"Aa, mtoto wa Tabone," Nenu alisema akihema. "Wangemtuma nani mwingine?"

"Umebeba nini, mzee?"

"Nimebeba akili. Wewe umebeba bastola. Tubadilishane?"

Kisha mkono wa mzee ukaingia ndani ya koti.

Leli alikuwa mwepesi. Hilo hakuna anayembishia. Alimdaka kifundo, akamkunja mkono mgongoni, akambana kifua kwenye boneti ya moto. Kitu kikadondoka kutoka vidole vya mzee, kikabingirika vumbini.

Si bastola.

Kichupa cha vidonge vya moyo.

Leli alikiokota, akakifungua kwa meno, akamtia mzee kidonge chini ya ulimi. Alimlaza kwenye kivuli cha ukuta. Uso wa Nenu ulikuwa rangi ya majivu.

"Kopo," mzee alinong'ona. "Chini ya kiti."

Lilikuwa kopo la biskuti. Ndani, kwenye leso iliyopigwa pasi, mlikuwa na viwashio vinne vya mabomu, vya kijeshi, na kipande cha utepe mweupe chenye fundo.

Leli aliujua utepe ule. Kisiwa kizima kiliujua.

Rais Karmena Bezzina hakuwa na jeshi. Katiba ilimpa kalamu, nyumba yenye bustani na kazi ya kufungua shule. Hakuweza kumwachisha kazi hata mlinzi wa lango lake mwenyewe. Lakini picha yake ndiyo peke yake iliyoning'inia katika vilabu vyote viwili vya Hal Dwieli. Miaka mitatu nyuma alisimama katikati ya Nyota na Tai waliokuwa wakirushiana chupa, akasema tu, "Wanangu, nani ataniangalia machoni kesho?" na chupa zikashuka. Alipoomba vitu vya hospitali ya watoto ng'ambo, Libya, watu walileta hadi vitanda vya wazazi wao marehemu. Kila sanduku alilifunga utepe mweupe kwa mkono wake. Kuli hakuthubutu kuukata. Vikongwe waliubusu.

"Lori la Saliba liliteremsha sanduku moja kwetu kimakosa," Nenu alisema. "Chini ya maziwa ya unga, hivyo. Angalia fundo. Mama ana shoto, fundo lake hulalia kulia. Hilo limelalia kushoto. Mimi nimefunga tambi za fataki miaka hamsini, mwanangu. Mafundo nayajua."

"Barua uliandika wewe?"

"Niliandika. Nikaogopa kutaja bendi. Nikasema, wakisoma jina la Nyota wataitupa." Alijaribu kucheka. "Kumbe ningetaja tu."

"Wistin ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana nilikuwa naenda kwa Mama, siyo kwako."

Simu ya Leli ikalia. Wistin.

"Umempata, sahibu?"

"Nimempata."

"Safi. Na lile kopo?"

Leli alitazama nyenje mmoja akitembea juu ya ukuta.

"Kopo gani, Wistin?"



"Leo kaa nyumbani," Wistin alisema taratibu. "Kaa na mwanao."

Simu ikakatika.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa ya buluu.

Gari la wagonjwa lilifika saa mbili. Walipomvua Nenu koti ili wamfunge mashine ya oksijeni, mzee alimshika Leli mkono wa shati.

"Hiyo mashua ya masanduku inaondoka saa sita. Mwambie Mama."

"Nitamwambia."

"Na koti langu usilikunje ovyo."

Leli alirudi kwenye Hilux. Alimwita Debrincat redioni, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Sikiliza, Pweza," Debrincat alisema. "Usifungue sanduku hata moja pale gatini. Kutakuwa na watu elfu nne na kamera. Jina la yule mama ndilo peke yake lisilo na doa nchi hii. Acha mashua iondoke, tutaishika baharini."

"Ikishafika maji ya nje hatuna mamlaka nayo, bosi. Hatutaishika."

"Hilo ni agizo."

"Mnara, mawasiliano mabaya."

"Tabone, nakusikia vizu—"

Leli alizima Motorola.

Ikulu alimkosa Mama; saa tano na nusu, juu ya ukuta wa Bandari Kuu, aliweka darubini ya Zeiss machoni. Watu kama siafu. Mashua ya mizigo *Santa Duminka* ilikuwa gatini, masanduku arobaini sitahani, tepe nyeupe zikipepea. Jukwaani mwanamke mfupi, gauni la maua, viatu bapa: Mama Karmena, akisalimia kila mkono unaonyooshwa. Langoni, wanaume wawili wa Wistin, miwani ya Ray-Ban, makoti mazito kwenye joto la Julai. Walimkagua usoni kila mwenye buluu. Walimngoja yeye.

Kisha bendi ya Tai ikaingia kwa mwendo wa maandamano.

Wale wawili wakageuza nyuso ukutani.

Leli alishusha darubini. Alilitazama koti jekundu kwenye kiti. Babake asingemsamehe. Lakini babake alishakufa, na Nenu alikuwa bado.

Alilivaa. Lilimbana kwapani na lilinuka baruti na mafuta ya nywele.

Alijipenyeza kwenye mstari wa mwisho wa Tai, kando ya ngoma kubwa. Mpiga ngoma alikuwa Sidor Galea, mdogo wake Nenu, mtu wa mabega kama mlango wa ghala.

"Hilo koti si lako," Sidor alisema bila kuacha kupiga.

"La Nenu. Yuko hospitali. Mimi ndiye niliyemfikisha huko, kwa ujinga wangu. Alikuwa na ujumbe wa Mama. Nipitishe niufikishe, kaka."

Mapigo mawili ya ngoma yalikosekana. Hakuna aliyewahi kusikia Sidor Galea akikosa pigo.

"Ukimaliza nitakuvunja."

"Nitakuja mwenyewe."

"Shika haya." Sidor alimtupia matoazi. "Na usiyapige. Nyota hamjui mdundo."

Walipita langoni. Mlinzi mmoja wa Wistin alikuwa karibu kiasi kwamba Leli aliona jasho kwenye shingo yake. Shingo tu. Uso ulikuwa umetazama ukuta, kama ulivyofundishwa na mama yake.

Dakika kumi na moja kabla ya saa sita, Leli alikuwa chini ya jukwaa.

Mama Karmena alishuka ngazi kumpa mkono kila mpiga bendi. Alipofika kwake hakumtazama usoni. Alitazama kifua.

"Kifungo cha tatu nilikishona mimi," alisema. "Kilidondoka akicheza dansi nami sikukuu ya mwaka jana. Nenu yuko wapi?"

"Hospitali, Mama. Kwa mkono wangu."

Alimweleza kwa maneno machache. Viwashio. Maziwa. Fundo lililolalia upande usio wake. Mama Karmena alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma, bila kumkatiza. Alikuwa mwalimu miaka thelathini.

"Mama!"

Wistin Saliba. Suti nyeupe, tabasamu pana, mkono tayari kwenye kiwiko cha Rais. "Mama, muda umekwisha, nahodha anangoja. Na wewe, sahibu..." Aliona rangi ya koti, na tabasamu likaanguka. "Umevaa nini, Leli?"

"Kitu usichoweza kukitazama."

Wistin aliinua kitambaa cheupe hewani. Injini ya *Santa Duminka* ikanguruma. Kamba ya nyuma ikaachiwa.

Leli alikimbia.

Mita moja ya maji. Mita moja na nusu. Aliruka.

Alitua kwa goti, akabiringika. Baharia mmoja akaja na nanga ndogo mkononi. Leli alimpiga matoazi ya Sidor pande zote mbili za kichwa, na hilo ndilo pigo pekee la muziki Nyota amewahi kupiga kwa ajili ya Tai. Baharia alikaa chini akishika masikio. Wa pili aliingiza mkono kwenye koti zito.

Beretta ilikuwa tayari inamtazama.

"Kitoe taratibu. Kitupe majini. Vizuri."

Bunduki fupi, Uzi, ikazama.

Nahodha alikuwa mgeni mwenye macho ya samaki. Alisikia chuma baridi nyuma ya sikio.

"Zima," Leli alisema.

Akazima.

"Rudisha."

Mashua iligusa gati kwa mshindo laini. Bendi zote mbili zilikuwa zimenyamaza. Watu elfu nne walimtazama mtu wa Tai mwenye bastola juu ya mashua ya Mama, na mnong'ono ukaanza kugeuka kuwa ghadhabu.

Mama Karmena alikuwa tayari kwenye daraja la mbao. Wistin alimfuata nyuma, sauti chini.

"Mama, fikiri. Ukifungua mbele yao, umejiua. Hawataona mimi. Wataona sanduku lako, utepe wako, na silaha. Hawa watu hawana kitu kingine cha kuamini. Hawaamini serikali, hawaaminiani. Wana wewe tu. Kwa nini nilitumia utepe wako, unadhani? Kwa sababu unafungua kila mlango. Uache. Mimi nitaacha biashara hii leo, naapa kwa watoto."

Karmena alipita sanduku kwa sanduku, akigusa kila fundo kwa kidole gumba cha kushoto, kama anayehesabu tasbihi. La kwanza. La nne. La nane.

La tisa. Akasimama.

"Hili silo langu."

Leli aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kukuta alichotaraji: koleo dogo la kukatia tambi. Akampa. Rais akakata utepe mwenyewe.

Maziwa ya unga. Safu mbili za makopo. Chini yake, plastiki nyeusi. Chini ya plastiki, viwashio vya mabomu kama penseli kwenye kasha la shule, na injini ndogo za ndege zisizo na rubani, zimefutwa namba.

"Inueni juu," alisema. "Waone."

Makuli waliinua. Masanduku saba kwa jumla. Hakuna aliyepiga kelele. Kelele ingekuwa afadhali. Kikongwe mmoja mstari wa mbele, aliyeubusu utepe asubuhi ile, alitoa leso akajifuta midomo polepole.

Karmena alimwona. Leli alimwona Karmena akimwona.

Wistin hakukimbia. Alinyoosha mikono akafungwa pingu, macho yake yakikwepa lile koti hata wakati huo.

"Utamwambia nini binti yako?" aliuliza. "Kuhusu mimi?"

"Kwamba maji ya ubatizo hayakuwa na kosa," Leli alisema, akabana pingu.

Simu ililia saa saba kasoro dakika ishirini. Sauti ya muuguzi, ya upole, iliyozoea. Leli alisema ahsante mara mbili, akakaa juu ya sanduku la tisa akiwa na simu mkononi, katikati ya maziwa yaliyomwagika.

Jumatatu asubuhi Nenu Galea alilazwa kwenye ukumbi wa kilabu cha Tai, jeneza limezungukwa na mishumaa na fataki ambazo hazikurushwa. Sikukuu ilifutwa. Ukutani, juu ya jeneza, palikuwa na alama ya mraba mweupe. Picha ya Mama ilikuwa imeshushwa. Hata kilabu cha Nyota waliishusha. Lilikuwa jambo la kwanza vilabu vile kukubaliana tangu wamjue.

Leli aliingia na koti mkononi, limefuliwa, limepigwa pasi. Ukumbi mzima uligeuza nyuso ukutani. Alikuwa ameuzoea upande wa pili tu wa desturi hiyo.

Sidor peke yake alimtazama.

"Nimekuja," Leli alisema. "Ulisema utanivunja."

Sidor alilichukua koti. Aligusa kifungo cha tatu. Akalitandaza juu ya jeneza, mikono ikiwa imenyooshwa.

"Mikono yangu leo ina mtu wa kumbeba," alisema. "Umelifua vizuri. Sasa simama nje."

Leli aligeuka. Karibu na mlango, kwenye meza ya kahawa, alikaa Mama Karmena, amevaa nguo nyeusi, kikombe hakijaguswa. Alikuja bila msafara. Hakuna aliyempigia makofi, wala kumpa mkono. Mkurugenzi Debrincat alikuwa ameinama mbele yake na karatasi iliyopigwa chapa.

"Sahihi tu, Mama. Tamko fupi. Kwamba wewe ulijua tangu mwanzo. Kwamba masanduku yalikuwa mtego wako na wetu. Jioni hii picha zako zitarudi ukutani, nakuhakikishia. Zitarudi na maua."

"Na Nenu?"

"Nenu tutamwita msaidizi wa operesheni. Atapata nishani."

"Aliniletea kopo kwa sababu sikujua."

"Hilo nani atalijua?"

"Yule pale anajua." Alielekeza kidevu kwa Leli. "Kijana, ulipoulizwa, uliandika nini kwenye ripoti yako?"

Leli alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Kwamba nilikuwa mjinga, Mama. Nimemwachia bosi ofisini juu ya meza yake, na bastola juu yake isipeperuke."

"Tabone ni mfanyakazi," Debrincat alisema, akifuta paji la uso. "Anaweza kuwa chochote. Lakini Rais wa nchi, Mama, samahani, Rais wa nchi hawezi kuwa mjinga mbele ya watu wake. Watu hawampendi mjinga."

Leli alifungua mlango. Jua lilimpiga machoni. Aliweka mikono mfukoni na kushuka ngazi taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu, na jibu likamfuata mgongoni, sauti ile ile iliyowahi kushusha chupa:

"Basi wasinipende. Mkiniondolea ujinga wangu, mtakuwa mmemwibia Nenu akili yake, na maiti, Bwana Debrincat, mimi simwibii."